Gemu Alizomaliza Zumrotun

Kwa miaka ishirini na minne nimekaa kushoto kwa Zumrotun. Yeye anasokota, mimi nakata. Ndivyo tunavyofanya kazi wanawake wote wa ukumbi wetu wa kusokota sigara hapa mjini Kudus, wawili wawili. Msokotaji ana kifaa chake cha mbao chenye mpini: anatandika karatasi, anabana tumbaku yenye karafuu kwa vidole, anaiweka, anavuta mpini, sigara imetoka. Mkataji ana mkasi, anapunguza nyuzi zilizochomoza kwenye ncha, anapanga, anangoja nyingine. Zumrotun alipokuwa mzima sikuwa nangoja. Sikuwa napata hata nafasi ya kujikuna pua.

Watu waliokaa hivyo miaka yote hiyo hujuana kuliko mume na mke. Mume wangu hajawahi kujua kwamba naumwa jino mpaka nimwambie. Zumrotun alikuwa anajua kwa jinsi mkasi unavyolia. Amenizidi miaka mitatu, kwa hiyo namwita Yu Zum, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, na yeye ananiita Sih, kipande kilichobaki cha jina langu la Karsih baada ya watu kuchoka kulitaja lote.

Huyu Yu Zum, mjane wa miaka hamsini na miwili, mtu wa mtandio na kisomo cha akina mama kila Alhamisi, alikuwa na tabia moja ambayo ukumbi mzima uliijua. Alikuwa anacheza gemu. Si zile za kwenye simu za kupanga matunda. Gemu zenyewe, za mashine na televisheni, zenye vita na mapango na hadithi ndefu. Na akianza moja, haachi mpaka aimalize.

Ilianzia kwenye upatu. Mwanamke wa hapa zamu yake ya upatu ikifika hununua bangili ya dhahabu, hata kama ataiuza mwezi unaofuata. Zamu ya Yu Zum ilifika miaka sita iliyopita, na wiki hiyohiyo banda la kuchezesha gemu la mtaani kwao lilikuwa linafungwa, maana vijana wote wamehamia kwenye simu. Yu Zum akawa anapita na baiskeli. Akaona mashine imewekwa nje juu ya meza, pembeni yake gunia la diski. Akashuka.

Kesho yake asubuhi Musripah, anayekaa benchi la mbele yetu na ambaye mdomo wake hauna mlango, alimshika mkono akaugeuzageuza.

"Bangili iko wapi, Yu?"

"Iko nyumbani. Ina waya."

"Ina waya?"

"Na padi mbili za kubonyeza."

Alipoeleza, Musripah aliachia mpini, jambo ambalo hafanyi hata akipiga chafya. "Mtu mzima na akili zako! Si bora ungenunua jokofu?"

"Jokofu lingenisimulia nini?" akasema Yu Zum, akavuta mpini.

Tukamcheka mwezi mzima. Halafu akamaliza gemu ya kwanza, na tangu siku hiyo hatukumcheka tena, tulimngoja.

Alikuwa na namna yake. Anafika saa kumi na mbili, anavaa aproni, anasokota sigara kama hamsini hivi za kupasha mikono, kisha anasema neno moja: "Nimeimaliza." Basi mabenchi manne yote yanapunguza sauti. Hakuwa anaanza na hadithi. Alianza na yeye mwenyewe, imemfanya nini.

"Nimeimaliza ile ya lori," alisema mara moja. "Siku arobaini naendesha lori la mbao kutoka mji hadi mji, na sijafika mahali nikakaribishwa hata chai. Unashusha, wanasema asante, wanakupa mzigo mwingine. Nikajiambia, Zumrotun, hii si gemu, hii ni humuhumu kiwandani, tofauti una usukani."

"Sasa mbona umeimaliza?" nikamuuliza.

"Mvua. Ile mvua yake, Sih! Ikianza kupiga kwenye kioo naegesha pembeni naisikiliza tu. Aliyeitengeneza ile mvua amewahi kuishi peke yake."

Gemu ya shamba aliimaliza kwa hasira. "Wameandika kwenye kasha, ya kupumzika. Ya kupumzika! Natoka hapa saa saba mgongo umepinda, nafika nyumbani naanza kumwagilia kabichi za watu. Kuku wananuna nisipowapapasa. Kijiji kizima kinataka zawadi. Gemu hii ni jenang tupu: kijiko cha kwanza unamshukuru Mungu, cha kumi meno yanaomba msamaha."

Hiyo nayo ilikuwa desturi yake, kuzipa gemu ladha za vyakula vyetu. Jenang ni halua yetu ya kunata. Ya mbio za pikipiki ilikuwa kerupuk, chipsi nyepesi za kukaanga, kelele nyingi mdomoni na tumbo halijui kitu. Ya mfungwa anayechimba shimo kwa kijiko ilikuwa lentog ya asubuhi, wali wa kubanwa na mchuzi, maskini lakini inakusimamisha mpaka mchana.

Na ile ya hospitali yenye mizimu. Tulikaa tayari kuogopa.

"Sikuogopa," alisema. "Mzimu gani anayehangaika na kitasa cha mlango? Wa hapa kwetu wanapita tu. Kilichonitisha ni kitanda kimoja. Chumba kizima kimevurugika, kitanda kile kimetandikwa vizuri, shuka limekunjwa pembe. Nikazima. Nikaenda kwa jirani kuomba chumvi, na chumvi ninayo."

Mumewe alifia hospitali, na wengi wetu tulikuwapo siku ile.

Nilimuuliza siku moja tukienda kuchukua baiskeli zetu kwa nini anajichosha hivyo. Mikono inasokota tangu alfajiri, anafika nyumbani anaipeleka kwenye kazi nyingine.

"Kule mwisho wanaandika Imekwisha," akasema. "Herufi kubwa, katikati ya kioo. Wewe Sih, mle kiwandani tangu tuingie, umewahi kuandikiwa imekwisha?"

Nikamwambia apande baiskeli twende, jua kali. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

* * *

Kidole gumba chake cha kulia kilianza kuuma baada ya mfungo. Mwanzoni aliona ni baridi ya asubuhi. Kisha ikawa akibana tumbaku anakunja uso, na sigara zikaanza kutoka laini. Mimi ndiye wa kwanza kujua, maana sigara laini ukiikata inasinyaa mkononi. Nilizificha katikati ya fungu, ngumu juu na ngumu chini. Wiki mbili tulipita bila kukamatwa. Wiki ya tatu msimamizi wetu, Bu Hartatik, yaani Mama Hartatik, akatia vidole katikati ya fungu.

"Zumrotun, hizi nini? Zimelegea kama shati la mgonjwa."

"Tumbaku ya leo ina unyevu, Bu."

"Tumbaku ya Musripah imetoka gunia hilohilo." Akanitazama na mimi. "Na wewe Karsih, macho yako ya kazi gani? Mwisho wa mwezi napanga jozi upya. Sitaki kutenganisha watu waliozoeana, lakini msinilazimishe."

Msokotaji asiyeweza kusokota hupelekwa chumba cha kukagua pakiti, nyuma ya ukuta, kazi ya macho kuliko vidole. Si adhabu. Ila ukienda huko hurudi, na mwenzako anapewa mtu mwingine. Yu Zum alilijua hilo na mimi nililijua.

Wakati wa kutoka nilimshika kanzu. "Yu, hicho kidole kimoja hakiwezi kutumikia mabwana wawili. Asubuhi tumbaku, mchana vitufe. Mkandaji amekwambiaje?"

"Kipumzike."

"Basi kipumzishe! Kazi huwezi kuiacha. Acha hiyo takataka."

"Niko katikati, Sih. Ile ndefu. Mpiganaji anamtafuta mdogo wake."

"Hata angekuwa anamtafuta mama yangu mzazi. Unataka nikae na nani mimi? Niwekewe mtoto wa jana nimfundishe kuketi?"

Alitazama kidole chake kama mtu anayemtazama mtoto mkorofi mbele ya wageni. "Nimekusikia," akasema.

Nikaamini.

Lakini wiki iliyofuata, sigara hamsini za kupasha mikono zilipokwisha (na zilichukua muda kuliko zamani), akaanza kusimulia. Si kwamba ameimaliza, bado, lakini akawa anatugawia kidogo kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mpiganaji ni mwanamke, anaitwa Oren. Mdogo wake aliibwa na adui wakiwa wadogo. Oren anavuka nchi nzima kumtafuta, na anapofika anakuta mdogo wake hakufungwa, amefanywa malkia. Sasa walinzi wake ndio Oren anaotakiwa kuwaua.

"Na mdogo wake anajua?" Musripah akawa hapumui.

"Kesho."

"Yu! Usinifanyie hivyo, mimi nina presha!"

Kila mtu alikuwa anafurahi isipokuwa mimi. Nilikuwa nahesabu siku. Kama leo amefika kwenye lango la jiji na jana alikuwa mtoni, basi jana mchana amecheza. Na juzi. Na kidole hakipati nafuu, nakiona, kimevimba kwenye kifundo kama kitunguu. Nilimwomba kitu kimoja tu. Akasema nimekusikia, akaenda nyumbani akawasha mashine.

Nilikata kwa hasira. Jumanne moja alikuja, akavaa aproni, akasokota, akasema: "Nimeimaliza."

Mabenchi manne yakanyamaza. Hata redio mtu aliipunguza.

"Imenichosha," akaanza. "Imenichosha kuliko zote, lakini ni uchovu wa kutoka kumzika mtu uliyempenda, si uchovu wa kubeba gunia. Ladha yake ni wali wa msibani. Unakula na unalia na unaomba uongezwe." Kisha akasimulia. Oren anaingia ukumbi wa kiti cha enzi, upanga mkononi, damu mpaka kwenye viwiko. Mdogo wake amekaa juu, taji kichwani. Wanatazamana. Walinzi wamekufa wote, hakuna wa kuwatenganisha. Malkia anashuka ngazi moja moja. Anafika chini, anamtazama dada yake aliyevuka nchi nzima, anasema: "Umeshakula?"

"Basi," akasema Yu Zum. "Wakakaa kwenye ngazi wakala. Wali na samaki mkavu. Jumba wakaliachia mbuzi."

Musripah alilia waziwazi, machozi yakidondoka kwenye tumbaku. Wanne watano nyuma yake walijifuta kwa pembe za mitandio. Mimi pia nilitaka kuongezwa huo wali, na hilo lilinizidishia hasira. Sigara aliyokuwa ameisokota wakati ule niliipokea mkononi ikasinyaa.

Wakati wa mapumziko ya saa tatu nilikwenda moja kwa moja kwa Bu Hartatik. Nikasema: "Bu, mwisho wa mwezi ukipanga, niwekee msokotaji mwingine."

Akaacha kalamu. "Mmegombana?"

"Hatukugombana. Kidole chake kimekufa, na anajua kwa nini."

Akaandika. Nilimwona akiandika, na nilirudi kukaa kushoto kwa Zumrotun, nikashika mkasi.

* * *

Mchana huo nilikwenda kwake. Nilitaka nimwambie mwenyewe, usoni, kabla hajasikia kwa wengine. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima juu ya baiskeli, makali kweli.

Mlango ulikuwa wazi. Yu Zum alikuwa amekaa kwenye mkeka, kidole gumba amekizika ndani ya bakuli la mchele uliotwangwa na kencur, mzizi kama tangawizi, ule uji wa moto tunaojipaka. Televisheni imezimwa. Juu ya mashine kulikuwa na kitambaa cha batiki, na juu ya kitambaa kulikuwa na kikapu cha vitunguu. Waya umeviringishwa, umefungwa raba. Nilisogeza kikapu. Kitambaa kilikuwa na duara safi pale kikapu kilipokaa, na vumbi pande zote.

"Mbona umesimama kama askari wa kodi?" akasema. "Kaa. Chai ipo."

"Lini umeigusa hii mara ya mwisho?"

"Siku ile uliyonishika kanzu."

"Wiki tatu?"

"Umeniambia niache. Nimeacha."

Nilikaa. "Na Oren? Na lango la jiji? Na wali na samaki mkavu?"

Aliona aibu. Sijawahi kumwona Zumrotun ameona aibu, hata alipoanguka na baiskeli mbele ya msikiti. "Nimetunga. Niliishia mtoni. Pale mtoni kuna daraja na jitu, linataka kubonyeza haraka sana, na kidole hakiwezi. Wiki iliyofuata mmekaa mnaningoja, Musripah ameshainamisha na kichwa. Ningewaambiaje? Nikasema kidogo, nikaona wanasikiliza. Nikaendelea." Alikigeuza kidole ndani ya bakuli. "Si gemu zilizokinyima nafuu, Sih. Kimechoka tu. Kimesokota miaka ishirini na minne."

Maneno yangu yote makali yaliniishia mdomoni kama barafu. Ningemwambia pale pale nilichofanya asubuhi. Badala yake nikasema: "Huyo mdogo wake yupo kweli au naye umetunga?"

"Yupo. Kuwa malkia nilisoma nyuma ya kasha. Mwisho wake ndio sijui."

"Washa."

"Kidole..."

"Mimi nina viwili. Washa, nimekwambia."

Padi ya pili ilikuwa imekufa zamani, panya walikula waya. Ikabidi tushike moja, wawili. Upande wa kushoto wa padi kuna kile kifimbo cha kutembeza mtu. Huo Yu Zum aliuweza. Upande wa kulia kuna vitufe vya kupigia na kurukia. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilihamia kulia kwake. Tulikaa bega kwa bega kwenye mkeka, tumeshika kitu kile kama watu wanaogombania kipande cha mkate.

Nilikuwa hovyo. Oren aliruka mtoni mara tisa bila kuombwa. Nilikuwa nabonyeza tu, kama mkasi, tap tap tap.

"Sih! Unakata kabla sijasokota!"

"Sasa nitajuaje?"

"Kule kiwandani siku zote unajuaje?"

Nikafikiri. Kiwandani simtazami. Nasikiliza mpini unavyolia ukishuka. Basi nikaacha kutazama kioo. Kile kifimbo cha kushoto kilikuwa kimelegea, kikisukumwa kinatoa mlio mdogo, krik. Nikakisikiliza. Krik, bonyeza. Krik, bonyeza. Jitu la daraja likaanguka majini. Yu Zum alicheka, nikaona jino lake la dhahabu, nilikuwa nimesahau kwamba analo.

Asubuhi ya pili yake, kabla ya kuvaa aproni, nilikwenda kwa Bu Hartatik. "Bu, yale niliyosema jana, futa."

"Karatasi imeshapanda ofisini."

"Ishushe."

Hakukasirika. Alivua miwani akajifikicha macho. Naye ni mtu wa kuamka saa tisa usiku. "Karsih, hata usingesema, jina lake ningeandika. Umenirahisishia tu."

Alidhani ananifariji.

Tulicheza siku nane. Kila siku saa nane mchana mpaka adhuhuri inageuka alasiri, tunasali, tunaendelea kidogo, narudi nyumbani kupika. Kidole changu nacho kikaanza kuuma. Siku ya nane tukafika kwenye ukumbi wa kiti cha enzi. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye nyuso tatu, na kila uso unataka kitufe chake. Tulikufa mara ishirini na mbili. Mara ya ishirini na tatu nikafumba macho kabisa nikasikiliza krik peke yake, na nilipofumbua, lango lilikuwa wazi.

Malkia alikuwa amekaa pale. Tukasogea, magoti yetu yanagusana. Oren akaenda mpaka chini ya kiti. Mdogo wake akasimama, akasema maneno marefu kuhusu nuru na hatima, akageuka mwanga, akapaa, akatoboa paa akaenda zake. Kisha Oren akaonyeshwa peke yake juu ya jabali, nywele zinapeperuka. Muziki. Kisha majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda.

"Ndiyo hiyo?" nikasema. "Nchi nzima tumevuka, ndiyo hiyo? Hata salamu?"

"Nyamaza, nasoma."

Alisoma majina yote, robo saa nzima, midomo ikichezacheza. Huwa anayasoma yote, ndivyo nilivyogundua siku ile. "Hawa nao wana migongo," akasema. "Pengine yumo mmoja kazi yake ilikuwa nywele tu. Miaka mitatu, nywele."

Herufi kubwa zikatokea katikati ya kioo. Tukazitazama.

"Mwisho wako ulikuwa bora," nikamwambia.

"Niliutunga kidole kinaniuma."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuzunguka. Nilisema: Jumanne ile nilikwenda kwa Bu Hartatik nikaomba msokotaji mwingine, nilidhani umenidanganya, na nimejaribu kufuta haikufutika.

Aliiweka padi chini. Akaupanga waya wake vizuri, akaufunga raba.

"Nilijua," akasema. "Si kwamba umekwenda wapi. Nilijua kuna kitu. Mkasi ulikuwa unalia vibaya tangu Jumanne."

"Nisamehe, Yu."

"Nimeshachoka, Sih. Nikikukasirikia nani atashika upande wa kulia?"

* * *

Mwezi ulipoisha alihamia nyuma ya ukuta. Alijikunjia aproni yake mwenyewe. Kifaa chake cha mbao, chenye mpini uliolika mahali pa kiganja chake, kikapewa Istiqomah, binti wa miaka ishirini na sita, mwenye kasi na asiye na neno. Sigara zake ngumu, hazina kasoro. Mpini haulii, ameutia mafuta. Siku ya kwanza nilijikata kidole mara mbili.

Wiki nzima benchi letu lilikuwa kimya, redio tu. Jumatatu iliyofuata Musripah alishindwa.

"Sih, na wewe si huwa unakwenda kule kwa Yu mchana? Hamna mliyoimaliza?"

Nilikata sigara tatu kwanza. Sikuwa na namna yangu, niliazima ya Yu Zum.

"Tumeimaliza moja," nikasema. "Ya fundi saa. Mzee anatengeneza saa za mji mzima, na kila saa ikipona mwenye saa anahama. Mbaya. Imenipa kizunguzungu, na huyo mzee anatembea kama amebeba mlango. Ladha yake chai iliyopoa. Hainywewi na huna moyo wa kuimwaga."

"Mwisho je?"

"Anabaki peke yake mjini, saa zote zinakwenda sawa."

"Ah! Na wewe, si ungetutungia mwingine?" Musripah akasema, na mimi nikasimamisha mkasi, mpaka nilipoona anatania tu, hajui lolote. Istiqomah alikuwa amesimamisha mpini. Alikuwa anasikiliza.

Saa tatu tulikutana na Yu Zum kwenye mabomba ya maji, yeye ametokea upande wake, mimi wangu. Kidole amekifunga kitambaa. Kimepungua uvimbe, hakitarudi kuwa kidole.

"Umewaambia?" akauliza.

"Nimewaambia. Nimesema mbaya."

"Na yule paka wa kwenye ngazi? Anayehama ngazi moja kila siku kulifuata jua?"

"Nilimsahau."

"Sih! Paka ndiye gemu yenyewe. Kesho uwaambie."

Kengele ikalia. Akaingia kwake, nikaingia kwangu, nikakaa kushoto kwa Istiqomah, nikashika mkasi. Paka nitawaambia kesho. Leo nimechoka.